UZI: Kwa nini naiweka drafti ya NBA ya 1950 juu ya 1984 na 2003

Kikapu Daima

Wakuu, kila ikikaribia drafti ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, yaani siku timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, mjadala ni uleule: ya mwaka gani ilikuwa kubwa kuliko zote. Wengi wanasema 1984 kwa sababu ya Jordan, Olajuwon, Barkley na Stockton. Wengine wanasema 2003, mwaka wa LeBron, Wade, Bosh na Carmelo. Kuna wanaoshikilia 1996 kwa ajili ya Kobe na Iverson. Majina hayo nayaheshimu yote. Ila mimi nasimama na 1950, na leo nataka kuieleza kwa kirefu, maana sioni ikitajwa kabisa na inaniuma.

Tuanze na mazingira. Drafti ilifanyika Chicago, Aprili 25, 1950. NBA ilikuwa imemaliza msimu mmoja tu kwa jina hilo. Agosti 1949 ligi mbili zilizokuwa zikigombania wachezaji, BAA na NBL, zilichoka kupandishiana bei zikaungana. Ule msimu wa kwanza ulianza na timu 17, na nyingine zilitoka miji midogo sana: Waterloo, Sheboygan, Anderson. Msimu wa pili ulipoanza zilikuwa zimebaki 11. Fikiria ligi iliyopoteza timu sita ndani ya likizo moja.

Timu kubwa zilikuwa mikononi mwa watu wenye kumbi za hoki ya barafuni, waliotafuta cha kujaza viti siku ambazo hakuna hoki. Hata rais wa ligi, Maurice Podoloff, alikuwa wakili anayeongoza pia ligi ya hoki. Kikapu kwao kilikuwa biashara ya pembeni. Shikeni hilo, kwa sababu mambo yote ya siku ile yanaelezeka kwa hesabu za mlangoni.

Hakukuwa na televisheni wala jukwaa. Hakukuwa na kijana aliyevaa suti na mama yake pembeni. Wenye timu na makocha walikaa chumba kimoja na orodha zao, wakataja majina raundi kwa raundi, hadi raundi 12. Mchezaji mwenyewe alikuwa chuoni kwake, pengine yuko darasani.

Kulikuwa pia na sheria ya eneo. Timu iliweza kuacha zamu yake ya raundi ya kwanza na badala yake kumchukua mchezaji wa chuo cha jirani, ndani ya maili 50 hivi kutoka mjini kwake. Hoja ilikuwa viingilio tu: watu wa mji wanamjua kijana tangu chuoni, watamfuata. Kwa sheria hiyo Warriors wa Philadelphia walimchukua Paul Arizin wa Villanova.

Huyu Arizin nimweleze kidogo. Shule ya sekondari hakupata namba kwenye timu. Alikwenda Villanova kusoma kemia, akawa anacheza ligi za mitaani na za parokia, mpaka kocha wa chuo akamwona. Baadhi ya kumbi alizochezea zilikuwa za dansi, sakafu imepigwa nta. Akijaribu kurusha kwa mkono mmoja kwa ubavu kama wenzake, miguu inateleza. Akaanza kuruka juu kwanza ndipo arushe mpira akiwa hewani, kwa sababu hewani hakuna utelezi. Mtindo huo wakati ule ulikuwa mgeni kwa wengi, makocha wengi hawakuutaka, na yeye aliubeba hadi NBA akawa mfungaji bora wa ligi mara mbili. Leo kila mtoto anayeshika mpira anarusha hivyo.

Sasa twende Boston. Celtics walikuwa wametoka kushika mkia wa kundi lao, wameshinda 22 na kupoteza 46. Walikuwa wameajiri kocha mpya, Red Auerbach, na walikuwa na chaguo la kwanza. Waandishi wa habari na mashabiki wa New England nzima walitaka kitu kimoja: Bob Cousy wa Holy Cross, chuo kilichoko Worcester, mwendo mfupi tu kutoka Boston. Kijana alikuwa anapiga pasi bila kutazama, anapitisha mpira nyuma ya mgongo, watu wanajaa kumwangalia. Auerbach akamchukua Chuck Share wa Bowling Green, senta (mchezaji mrefu wa karibu na kikapu) wa futi 6 na inchi 11. Waandishi walipombana, akawauliza kama kazi yake ni kushinda au kuwafurahisha wenyeji.

Share hakuichezea Celtics hata mechi moja.

Naendelea.

Nyakato

Mkuu, naona huu uzi una nyama. Ila hapo umeniacha njiani. Cousy ninayemjua mimi ni wa Celtics, jezi namba 14 iko juu darini. Kama Auerbach alimkataa, alifikaje?

Kikapu Daima

Dada Nyakato, hiyo ndiyo sehemu inayonifanya niamini kwamba siku ile hakuna aliyekuwa anajua alichoshika.

Cousy alichukuliwa raundi ya kwanza na Tri-Cities Blackhawks. Hiyo ilikuwa timu ya miji mitatu iliyokaa pamoja kwenye mto Mississippi: Moline na Rock Island upande wa Illinois, na Davenport upande wa Iowa. Ndiyo hiyohiyo Atlanta Hawks ya leo, baada ya kuhama kupitia Milwaukee na St. Louis. Cousy hakutaka kwenda. Alikuwa na mpango wa kufungua shule ya udereva kule Worcester. Alimtajia mwenye timu, Ben Kerner, dola 10,000, Kerner akasema 6,000, wakaachana hapo.

Kerner akamuuza kwa Chicago Stags. Kabla msimu haujaanza Stags wakafilisika, wachezaji wao wakagawiwa timu nyingine. Mwishowe yakabaki majina matatu ambayo timu tatu ziligombania: Max Zaslofsky, Andy Phillip na Cousy. New York, Philadelphia na Boston wote walimtaka Zaslofsky, ambaye alikuwa amewahi kuwa mfungaji bora wa ligi. Ikashindikana kuelewana, basi majina yakaandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa kwenye kofia. New York wakachomoa Zaslofsky wakafurahi. Philadelphia wakapata Phillip. Kikaratasi kilichobaki kilikuwa cha Cousy, na Walter Brown, mwenye Celtics, akakipokea kwa kukosa kingine.

Kikaratasi hicho kilileta ubingwa mara sita, tuzo ya mchezaji bora wa 1957, na misimu minane mfululizo ya kuongoza ligi kwa pasi za mwisho. Cousy ndiye pia aliyeanzisha chama cha wachezaji mwaka 1954. Mishahara mnayoisikia leo ina mkono wake.

Na Share? Alikataa ofa ya Boston akaenda kucheza Waterloo kwenye ligi nyingine. Haki ya kumsajili ikabaki kwa Celtics. Wakati huohuo kulikuwa na kijana wa chuo kikuu cha Southern California (USC), Bill Sharman, aliyechaguliwa drafti hiyohiyo na Washington Capitols raundi ya pili. Capitols wakafa Januari 1951 katikati ya msimu, haki ya Sharman ikaangukia timu ya Fort Wayne. Auerbach akawapa Fort Wayne ile haki ya Share, naye akapewa Sharman na Bob Brannum. Kwa hiyo chaguo la kwanza lililoonekana limepotea likazaa nusu ya magadi (wachezaji wa nyuma wanaoendesha mpira) wawili bora wa miaka ya 50, Cousy na Sharman. Auerbach alikuwa na akili nyingi, hilo halina ubishi, lakini mwaka ule alibebwa na bahati mara mbili.

Mzee Kipira

Kijana, nimekusoma vizuri na hadithi umeisimulia. Lakini hoja yako haijasimama. Drafti inapimwa kwa vipaji vilivyotoka. Umenitajia Arizin, Cousy, Sharman. Haya, wachezaji wakubwa. Wawekee mezani Jordan na Olajuwon. Hata bahati ya kofia haiwezi kufunika hilo. Mimi Olajuwon nimemwangalia kwa macho yangu kwenye fainali za 1994 na 1995, mtu anageuka mara mbili na beki bado yuko alipokuwa.

Kikapu Daima

Shikamoo Mzee. Kwa vipaji pekee nakubali 1984 inapita, na Olajuwon kwangu ni senta wa kwanza kwa miguu. Hoja yangu haijafika bado, ndiyo naifikisha sasa.

Raundi ya pili ikaanza tena na Boston. Walter Brown akasimama akasema Boston inamchukua Charles Cooper wa Duquesne. Chumba kikanyamaza. Mmoja wa wenye timu akamuuliza kama hajui kwamba huyo kijana ni mweusi. Brown akajibu kwamba hata angekuwa na mistari, mirabaraba au madoadoa hajali, Boston inamchukua Cooper.

Tangu BAA ianze mwaka 1946, hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyewahi kutajwa kwenye drafti yake. Haikuandikwa popote kwamba ni marufuku. Ilikuwa ni makubaliano ya kimyakimya, na makubaliano ya aina hiyo ni magumu kuvunja kuliko kanuni iliyoandikwa, kwa sababu hakuna kifungu cha kupinga.

Sasa rudini kwenye zile hesabu za mlangoni. Harlem Globetrotters mnawajua. Wakati ule walikuwa timu ya kushindana kwelikweli, si maonyesho tu. Februari 1948, mbele ya watu zaidi ya 17,000 pale Chicago Stadium, waliwafunga Minneapolis Lakers wa George Mikan, senta wao nyota, 61 kwa 59, mpira wa mwisho ukitoka mkononi mwa Ermer Robinson. Mwenye timu, Abe Saperstein, alikuwa karibu peke yake katika kuwapa wachezaji weusi mishahara ya kikapu. Na ligi ilimhitaji sana. Mechi ya Globetrotters ilikuwa inawekwa usiku mmoja na mechi ya ligi ili kuvuta watu. Ukumbi unajaa kwa ajili ya Globetrotters, wao wakimaliza, sehemu ya watu wanaondoka kabla timu za ligi hazijacheza. Kuna timu zilizolipia kodi ya ukumbi kwa usiku kama huo.

Kwa hiyo kumchukua mchezaji mweusi kulikuwa ni kuingilia shamba la Saperstein, na akinuna, mlango wako unakufa. Ubaguzi wa rangi ulikuwepo moja kwa moja, simwondolei mtu lawama. Lakini juu ya ubaguzi kulikuwa na woga wa fedha, na vyote viwili vilishikana mikono kwa miaka minne. Saperstein aliposikia habari za Cooper alifoka, akatangaza kwamba Globetrotters hawatakanyaga tena Boston Garden. Brown hakurudi nyuma, na wakati ule Celtics yake ilikuwa inapoteza fedha kila msimu.

Cooper hakuwa mgeni wa mambo haya. Desemba 1946, akiwa Duquesne, timu ya chuo kikuu cha Tennessee ilisafiri mpaka Pennsylvania, kisha ikagoma kuingia uwanjani kama Cooper atacheza. Duquesne hawakukubali kumweka pembeni, watazamaji wakiwa wameshakaa, na mechi ikafutwa.

Akiwa tayari Celtics walikwenda Raleigh, North Carolina, kwa mechi ya kirafiki. Hoteli ikasema timu yote ilale isipokuwa yeye. Cousy akakataa kulala pale, akaondoka naye usiku kwa treni. Kituoni walitafuta choo, wakakuta mlango mmoja umeandikwa wa weupe na mwingine wa weusi. Watu wawili wa timu moja, jezi rangi moja, hawawezi kuingia mlango mmoja. Cousy alikuja kusimulia akiwa mtu mzima kwamba hakujua amwambie nini mwenzake, na machozi yalimtoka.

Mzee wangu, drafti ya 1984 ilileta wachezaji wakubwa kwenye ligi ambayo mlango wake ulikuwa wazi. Ya 1950 ndiyo iliyoufungua. Bila siku ile, huyo Olajuwon uliyemwangalia angepokewa na nani getini?

Pwani Tulivu

Assalaam alaykum wote. Kaka, niongezee mambo mawili ili watu wasije wakadhani kwamba kabla ya 1950 hakuna mtu mweusi aliyewahi kulipwa kucheza kikapu kwenye ligi.

La kwanza, ile NBL iliyoungana na BAA ilikuwa na wachezaji weusi tangu 1942, Toledo na Chicago, wakati vita vimechukua wanaume. Mwaka 1946 Pop Gates alicheza timu ya Buffalo ambayo msimu huohuo ilihamia Moline ikawa hiyo Tri-Cities uliyoitaja. Na Desemba 1948 New York Rens, timu ya weusi watupu, waliingia NBL nzimanzima kwa jina la Dayton Rens baada ya timu ya Detroit kujitoa. Gates akiwa kocha na mchezaji.

La pili, hiyo BAA yenyewe, kwenye drafti yake ya kwanza kabisa, Julai 1, 1947, pale Detroit, Knicks wa New York walimchukua Wataru Misaka wa chuo kikuu cha Utah, mtoto wa wahamiaji wa Kijapani aliyezaliwa Ogden. Miaka miwili tu baada ya vita na Japani. Kwenye fainali ya NIT, mashindano ya vyuo, alikuwa amembana Ralph Beard wa Kentucky mpaka Beard akaambulia pointi moja. Alicheza Knicks mechi tatu wakamwacha.

Na kwa kuwa tunazungumzia thamani ya kuchaguliwa: wa kwanza kabisa mwaka huo alikuwa Clifton McNeely, Pittsburgh Ironmen walimtaka. Hakucheza hata siku moja. Alikwenda kufundisha shule ya sekondari Pampa, Texas, na Ironmen wakavunjika kabla ya msimu. Kazi ya ualimu ilikuwa na uhakika zaidi kuliko BAA ya wakati ule.

Kikapu Daima

Waalaykum salaam kaka. Umeniongezea nguvu. NBL ilikuwa ya timu za viwanda na miji midogo, haikutegemea kumbi kubwa wala usiku wa Globetrotters, ndiyo maana mlango wake ulifunguka mapema. Ukuta ulikuwa upande wa BAA, kwenye kumbi kubwa. Zilipoungana, ukuta wa matajiri ndio uliobaki, na wale waliokuwa wakicheza upande wa pili wakajikuta nje. Kwa mwaka mmoja ule wa 1949-50, kuungana kuliwarudisha nyuma watu kama Gates. Hilo halisemwi vya kutosha.

Sasa Earl Lloyd.

Lloyd alizaliwa Alexandria, Virginia, akasoma shule za weusi watupu, kisha West Virginia State, chuo cha weusi. Msimu wa 1947-48 timu yao haikufungwa hata mechi moja. Magazeti makubwa hayakuandika vyuo hivyo. Cooper angalau alitoka Duquesne, timu iliyoandikwa kitaifa. Lloyd alichukuliwa na Washington Capitols raundi ya tisa, jina la 100. Raundi iliyofuata Capitols hao hao wakamchukua Harold Hunter wa North Carolina College. Inasikitisha kwamba ilibidi Brown atangulie kwenye raundi ya pili ndipo mwingine apate ujasiri kwenye ya tisa, lakini Capitols walijitokeza, na Washington wakati ule ulikuwa mji wa ubaguzi kuliko Boston.

Lloyd alisimulia alivyopata habari. Alikuwa anatembea chuoni, msichana waliyekuwa wakisoma naye akamwambia amesikia jina lake kwenye redio, kwamba kuna timu ya Washington imemchukua. Yeye mwenyewe hakujua kwamba kuna watu wanamfuatilia.

Oktoba 31, 1950, Capitols walicheza Rochester, na Lloyd akaingia. Mchezaji mweusi wa kwanza kucheza mechi ya NBA. Alipata pointi 6, timu yake ikafungwa. Hakuna aliyerusha kofia juu, hakuna kamera. Kesho yake Cooper akaichezea Celtics kule Fort Wayne. Siku chache baadaye Nat Clifton, naye mweusi, akaichezea Knicks. Lloyd alitangulia kwa sababu ya ratiba tu, na mwenyewe alikuwa anasema hivyohivyo kila alipoulizwa.

Fort Wayne, Indiana, hoteli iliyolaza timu yao haikumruhusu Lloyd kula kwenye chumba cha chakula. Akaagiziwa chumbani. Baada ya muda mlango ukagongwa, kocha wake, Bones McKinney, mzungu wa North Carolina, kaja na sahani yake kula naye. Hakutoa hotuba. Lloyd alikumbuka jambo hilo mpaka uzeeni.

Nyakato

Hapo kwenye redio umenigusa. Mwaka 2009 sisi tulikesha kumwangalia Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar, akiitwa wa pili na Memphis kutoka Connecticut, David Stern, kamishna wa ligi wakati ule, anamshika mkono, kofia kichwani, dunia nzima inaona. Na huyu wa kwanza kabisa anaambiwa njiani na mwanafunzi mwenzake. Baada ya hapo Lloyd alifika wapi? Maana umesema Capitols walikufa Januari.

Kikapu Daima

Alikuwa hata hakuwepo walipokufa. Alicheza mechi 7 tu, jeshi likamwita, wakati huo vita vya Korea. Aliporudi haki yake ilikuwa imekwenda Syracuse Nationals, hawa Philadelphia 76ers wa leo. Mwaka 1955 Syracuse waliwafunga Fort Wayne kwenye mechi ya saba ya fainali, 92 kwa 91, na Lloyd pamoja na Jim Tucker wakawa weusi wa kwanza kubeba ubingwa wa NBA. Mwaka 1971 akawa kocha mkuu wa Detroit Pistons. Mwaka 2003 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashuhuri, na akafariki Februari 2015.

Kuhusu Hasheem, nakumbuka watu wengi hapa nchini siku ile ndipo walipoelewa drafti ni kitu gani. Amepita mlango ambao Cooper na Lloyd waliufungua, kama alivyopita Mutombo wa Kongo mwaka 1991, wa nne, kutoka Georgetown kwenda Denver.

Mzee Kipira

Marahaba, kijana, nilisahau kuitikia. Hapo kwenye mlango umenipa la kufikiri. Nieleweshe jambo moja. Nimewahi kusoma sehemu moja kwamba Clifton ndiye wa kwanza, sehemu nyingine Cooper, nyingine Lloyd. Na huyo Hunter naye simsikii. Yupi ni yupi?

Kikapu Daima

Kila mmoja ana la kwake, Mzee. Cooper ndiye wa kwanza kuchaguliwa kwenye drafti. Lloyd wa kwanza kucheza. Hunter ndiye wa kwanza kusaini mkataba, lakini aliachwa kwenye mazoezi kabla ya msimu, hakucheza hata dakika moja. Clifton hakutoka kwenye drafti: alikuwa Globetrotters tayari, mtu mzima, na Knicks walinunua mkataba wake kwa Saperstein. Ndiye wa kwanza kusaini kisha akacheza kweli. Ned Irish wa Knicks alikuwa amewashinikiza wenzake kwa muda mrefu wamruhusu, mpaka akatishia kujitoa. Na Knicks wa Clifton walifika fainali mara tatu mfululizo, 1951 hadi 1953.

Hunter nisimpite. Alikuwa mwanafunzi wa John McLendon, ambaye naye alifundishwa na James Naismith mwenyewe, aliyebuni mchezo huu. Baadaye alimrithi McLendon kama kocha wa Tennessee State.

Na kuna jambo moja linalonikera kuhusu hawa wote. Uwanjani walipewa kazi ya kubana, kupigania ribaundi (mipira inayodunda baada ya kukosa kikapu) na kuwazuilia njia wenzao warushe. Cooper msimu wake wa kwanza alikuwa na zaidi ya pointi 9 na ribaundi 8 kwa mechi, na alisema waziwazi baadaye kwamba hakupewa nafasi ya kuwa nyota. Clifton kule Globetrotters alikuwa anachezea mpira kwa kiganja kimoja, watu wanashangilia, Knicks wakamtaka akae chini ya kikapu. Clifton alimalizia maisha akiendesha teksi Chicago, na alifia kwenye teksi yake mwaka 1990. Cooper alirudi darasani, akachukua shahada ya pili ya ustawi wa jamii chuo kikuu cha Minnesota, akaja kuwa mkurugenzi wa bustani na michezo wa jiji la Pittsburgh, mweusi wa kwanza kuongoza idara ya jiji hilo. Aliingizwa Ukumbi wa Mashuhuri mwaka 2019. Alikuwa amefariki 1984. Miaka 35 ni mingi mno kwa mtu aliyefanya alichofanya.

Pwani Tulivu

Na usimsahau Larry Foust. Chicago ndio waliomchagua 1950, Fort Wayne wakamchukua. Novemba 22 mwaka huo huo, ndani ya Minneapolis, Fort Wayne walishika mpira wakakaa nao ili Mikan asiguse, na Foust akafunga kikapu cha mwisho: 19 kwa 18. Matokeo ya mechi nzima hayo. Mechi kama zile ndizo zilizoleta saa ya sekunde 24, muda ambao timu lazima iwe imerusha mpira kikapuni, mwaka 1954.

Mzee Kipira

Haya, nipe basi kikosi. Maana umekwepa swali langu la kwanza kiungwana. Hao wako wa 1950 ukiwapanga dhidi ya 1984, unawapangaje?

Kikapu Daima

Sijakwepa, Mzee. Cousy namba moja, Sharman namba mbili, Arizin namba tatu, Lloyd namba nne, Foust senta. Benchi Cooper na George Yardley, huyo Fort Wayne walimchukua raundi ya kwanza mwaka uleule, na ndiye mtu wa kwanza katika NBA kufikisha pointi 2,000 kwa msimu mmoja, 1957-58. Ubavu wa kurusha upo: Sharman aliongoza ligi kwa mipira ya adhabu misimu saba.

Mzee Kipira

Jordan anabanwa na nani?

Kikapu Daima

Lloyd. Syracuse walimpa mfungaji hatari wa kila timu kwa misimu kadhaa, na msimu wa 1953-54 hakuna mtu kwenye ligi nzima aliyefanya faulo nyingi kuliko yeye. Anaanza Lloyd kwa mwili, akichoka anaingia Cooper. Olajuwon ndiye ananipa shida, kwa Foust hapo sina jibu.

Mzee Kipira

Basi nitarudi kesho na mpangilio wangu wa 1984, na Barkley nampeleka kwa Arizin.